Kitambaa cha Mzee Yusuf

Picha ile ilikuwa imepita simu nyingi kabla ya kumfikia Dalmas Ogweno, na kila aliyeipitisha aliongeza neno lake. Ombeni, wapendwa. Shetani yuko Jeddah. Huyu ndiye Damaris tuliyemjua? Dalmas aliyapuuza maneno yote, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo.

Walikuwa katika mkahawa wa Al-Dirah, Riyadh, nyuma ya maduka ya vitambaa. Mbele yake aliketi Robinson, dereva wa lori la maji na kaka yake Damaris. Sahani ya Robinson ilikuwa imepoa bila kuguswa. Kijana wa Kisii akiutazama wali wa kuku bila kuula, tena amelipiwa, ujue ana msiba wa kweli.

"Nianzie wapi, Afande?"

"Anzia mzee alipokufa."

Dalmas hakuwa afande wa mtu tena. Alikuwa koplo wa upelelezi kule Kisumu kabla ya mshahara kumshinda, na tangu mwaka elfu mbili na kumi na moja alilinda ghala la matairi huko Al-Sulay. Lakini Wakenya wa Riyadh walikataa kumpokonya cheo. Mtu wao akipotea, au akifungiwa ndani, walimpigia Afande kabla ya kumpigia mchungaji.

Robinson alieleza. Damaris Kwamboka alikuwa akimtunza Mzee Yusuf, baba wa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, katika jumba moja la Al-Hamra, Jeddah. Mzee alikuwa Mwingereza aliyekuja zamani kufunga mashine bandarini, akasilimu, akaoa, akazeeka huko huko. Alipita miaka tisini, akafa usingizini. Matanga hayajaisha, mke wa bosi akaonyeshwa picha hii kwenye simu ya jirani: kitambaa cheusi chenye fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyokingamana, kando yake visu na nyota, na chini yake safu ya mistari myeupe. Akaambiwa kimeonekana chumbani kwa mayaya wake. Polisi wakaja, wakamchukua Damaris. Mashtaka: kumloga mzee mpaka akafa.

"Na hapa hiyo si kesi ya kufukuzwa kazi," Robinson alisema. "Hapa unakatwa kichwa."

"Kitambaa chenyewe kiko wapi?"

"Ndio shida. Walipekua sanduku lake, mafi. Hakuna kitu. Wanasema amekificha ndio uchawi uendelee kufanya kazi. Mimi nadhani ni Victor, yule dereva wao. Alitoroka siku ile ile polisi walikuja."

"Ikama ya Victor ikoje?"

"Ilikuwa imeisha."

"Basi muache Victor. Mwenye kibali cha ukaazi kilichoisha hukimbia polisi hata wakija kuuliza njia."

Dalmas alirudi kwenye picha. Alianzia pembeni, kama alivyofundishwa, maana katikati ndipo macho ya kila mtu huenda. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa juu ya leso ya kijani yenye michoro ya korosho. Hilo aliliweka akilini. Kisha akaona kwamba ukingo wa kushoto wa kitambaa ulikuwa umekunjwa na kushonwa juu ya kamba, na mwisho wa kamba ulikuwa na kulabu ndogo ya shaba yenye mwanya.

Kulabu hiyo aliijua. Miaka yake ya kwanza ya ukonstebo alipandisha bendera ya kituo kila asubuhi na kuishusha kila jioni, na siku aliyoichelewesha alizungushwa uwanja mpaka akatapika. Mchawi hahitaji kulabu. Kulabu ni ya mlingoti.

"Hii ni bendera," alisema.

"Bendera ya nchi gani iko na fuvu?"

"Sijui bado. Lakini tazama hapa." Alimwonyesha safu ya mistari myeupe. Aliyeishona alikuwa mtu wa nidhamu, maana kila mstari ulilingana na mwenzake na nafasi zilikuwa sawa. Ila mahali pamoja palikuwa na pengo. Dalmas aliongeza mwanga wa kioo, na hapo ikaonekana kwamba pengo halikuwa tupu. Palikuwa na mstari kama mingine, umeshonwa kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi.

Robinson alikuna kichwa. "Sasa nani anashona kitu kisionekane?"

Dalmas alisukuma sahani mbele ya kijana. "Kula. Basi la Jeddah ni refu."

*

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na chumba kimoja cha wageni, viti vilivyofungwa sakafuni, na askari wa kike aliyejifunika uso. Robinson aliingia kama kaka, Dalmas kama mjomba. Damaris aliletwa amevaa abaya iliyompwaya. Alikuwa amekonda, na Robinson alipomwona aligeuka ukutani kwanza ndipo akaweza kumsalimu.

Dalmas hakupoteza muda.

"Ni bendera ya chombo cha baharini."

Damaris aliinua macho. "Nani amekuambia?"

"Kulabu yake. Alikupa Mzee Yusuf?"

"Alinipa."

"Kwa nini?"

Damaris alitazama mikono yake.

"Damaris, nimekuuliza kwa nini."

"Siwezi sema, Afande. Niliahidi. Alinishika mkono hivi, akaniambia watoto wake wasijue. Nikaapa kwa Mungu."

"Mwenyewe ameshakufa."

"Ndio maana. Angekuwa hai ningemwomba aniachilie. Maiti utamwomba aje?"

"Watakuua, dada!" Robinson alipiga kelele, na askari akagonga meza kwa ufunguo. Kijana akashusha sauti. "Mama hajalala. Sema tu."

"Kwetu kiapo cha aliyekufa kinafunguliwa na damu yake," Damaris alisema taratibu. "Mtoto wake akiniambia sema, nitasema. Si wewe, si Afande, si polisi."

Katika kazi yake Dalmas aliwahi kukutana na watu waliokaa kimya kwa woga na wengine kwa ujanja. Huyu alikaa kimya kwa heshima, na aina hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna cha kumtishia nacho.

"Ulikiweka wapi mara ya mwisho?"

"Kwa sanduku langu, chini ya nguo za kanisa. Afande, polisi wakimaliza nacho watanirudishia? Waambie wasikikunje vibaya. Ni cha zamani sana."

Dalmas alitazamana na Robinson. Polisi waliamini kwamba kitambaa kiko kwa Damaris, naye aliamini kwamba kiko kwa polisi. Kwa hiyo palikuwa na mkono wa tatu. Hakumwambia.

"Leso ya kijani ya korosho ni yako?"

"Mimi sina leso. Zangu niliacha nyumbani."

*

Tarik, mtoto wa marehemu na bosi wa Damaris, aliwapokea sebuleni. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye masikio makubwa yaliyosimama na ndevu zilizoanza kuota mvi. Hakuwa na ukali ambao Dalmas alikuwa amejiandaa nao. Alikuwa na uchovu wa mfiwa. Walizungumza Kiingereza, cha Tarik kikiwa laini na cha Dalmas kikiwa cha ripoti za polisi.

"Nilimwamini yule msichana," Tarik alisema. "Alimwosha baba yangu. Alimlisha kwa mkono wake. Sasa niambie, kwa nini alikuwa na fuvu chumbani?"

"Baba yako alifanya kazi gani ujanani?"

"Alikuwa mvuvi, kwao Uingereza. Hakupenda kuongea habari zake."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamke wa makamo na trei ya kahawa: Eucabeth, ambaye watu wa kwao Kakamega walimwita Mama Terry, mfanyakazi wa pili wa nyumba ile. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, ya kijani, yenye korosho.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Dalmas hakuwahi kuiona methali hiyo ikitembea na kahawa. Alimwomba Tarik ruhusa ya kumuuliza maswali mawili, na Tarik akasimama pale pale mlangoni wasibaki peke yao, bila kuelewa neno la Kiswahili.

"Mama Terry, picha ulipiga wewe."

"Picha gani?"

"Uliyoipiga juu ya leso uliyovaa."

Eucabeth alishika kiuno kama aliyechomwa na mwiba. Kisha akaketi sakafuni na trei mapajani.

"Afande, mimi sikuwa na ubaya. Haki ya Mungu. Nilikuwa natafuta sindano kwa sanduku lake, nikakutana na hicho kitu. Nikajua dada yangu ameingizwa mambo mabaya. Nikatuma picha kwa kikundi cha maombi, wamwombee. Ni wetu wenyewe tu! Sikujua kuna mwenye ataonyesha madam wake."

"Na kitambaa?"

"Pasta alinipigia kutoka nyumbani. Akasema kichomwe kabla jua halijatua, ama atakufa kama vile mzee amekufa. Nikapanda nacho juu ya paa, kwa makaa ya udi. Nikaomba mpaka kikaisha." Alilia waziwazi, bila kujifunika. "Nilikuwa namuokoa, Afande. Polisi walikuja kesho yake. Nikaogopa kusema, wasije wakanibeba na mimi."

Dalmas aliuona uzito wa jambo lile ukimshukia yeye mwenyewe. Kitu pekee ambacho kingemtetea Damaris kilikuwa kimeteketezwa na mtu aliyempenda, kwa sala. Alitamani kukasirika, lakini hakupata wa kumkasirikia.

"Kulabu haikuungua. Iko wapi?"

Eucabeth alishtuka, akainuka. Alirudi na mkebe wa majani ya chai, akatoa chini ya majani kitu kilichofungwa kwenye karatasi iliyoandikwa Zaburi: kipande cha shaba kilichosawijika kwa moto. "Hiki kilikataa kuungua. Ndio nikazidi kuogopa."

"Anasema nini?" Tarik aliuliza.

"Anasema alikichoma, akidhani anailinda nyumba hii," Dalmas alijibu. Ulikuwa ukweli, japo si wote. "Bwana Tarik, una picha yoyote ya baba yako alipokuwa mvuvi?"

Ilikuwepo moja. Tarik aliileta kutoka chumba cha marehemu, katika fremu yake. Vijana wenye ndevu wamesimama wakicheka juu ya sitaha nyembamba ya chuma, baadhi yao wamevaa sweta nzito. Kijana aliyekuwa ukingoni hakuwa na ndevu. Alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama.

"Nimeitazama picha hii tangu utotoni," Tarik alisema. "Yule ni yeye."

"Nyavu ziko wapi?"

"Nini?"

"Mvuvi huyu. Sioni wavu, sioni samaki. Chombo chenyewe hakina pande za kuzuia maji. Na pale mbele, huo ni mtutu wa mzinga."

Tarik aliisogeza dirishani. Dalmas alimkabidhi miwani yake ya kusomea, akamwelekeza juu ya kichwa cha yule kijana, ambapo palikuwa na kitu cheusi kinachopepea. Fuvu. Mifupa miwili. Kisu kimoja. Mistari myeupe, michache kuliko ya kwenye simu, lakini mkono ulioishona ulikuwa ule ule. Naye kijana alikuwa ameshika pembe ya bendera kama mtu aliyeonea fahari kazi yake.

"Ni nyambizi," Dalmas alisema. "Nyambizi ya vita ya Waingereza. Mzee Yusuf hakulogwa. Kitambaa kilikuwa chake kabla wewe hujazaliwa, kabla Damaris hajazaliwa, kabla mama yake Damaris hajazaliwa."

Tarik aliketi. Aliiweka fremu magotini.

"Alituambia alikuwa mvuvi," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nikipeleka picha hii polisi, ukoo mzima utajua kwamba alituficha. Watauliza alificha nini kingine."

"Usipoipeleka, mtu aliyemwosha atakufa."

"Huyo msichana anajua mistari ile ni nini?"

"Anajua. Baba yako alimwapisha asiwaambie ninyi. Yuko tayari kufa na kiapo hicho. Anasema damu ya mzee tu ndiyo inayoweza kumfungua."

Tarik alivua miwani ya Dalmas, akaipangusa kwa kanzu yake. Kisha akasimama na kuchukua ufunguo wa gari.

*

Ofisa wa mashtaka aliwapa chumba na mkalimani. Damaris alipoletwa na kumwona bosi wake, alirudi nyuma hatua.

Tarik alisimama. Alizungumza Kiingereza ili amwelewe moja kwa moja. "Mimi ni damu yake. Nakuachilia. Sema."

Damaris alimtazama usoni kuhakikisha. Kisha akaketi, akaanza kusema kama mtu anayetua mzigo kichwani, polepole asije akaumwaga.

Mzee alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Kazi yake katika nyambizi ilikuwa kutoa ishara, na mtoa ishara ndiye aliyekuwa mshonaji wa bendera. Ilikuwa desturi yao. Wakirudi Malta kutoka vitani waliipandisha, ili walioko gatini wasome safari ilivyokuwa. Mstari mweupe ulikuwa meli waliyoizamisha, nyota ilikuwa mapambano ya mzinga, na kisu kilikuwa usiku waliowashusha majasusi ufukoni kwa adui. Kila waliporudi, wenzake walikwenda kulala, naye alikaa na sindano.

"Siku moja walipiga meli moja mchana. Wakatoka juu kuangalia. Bahari ilikuwa imejaa vichwa." Alimgeukia Tarik. "Hawakuwa adui, bosi. Walikuwa wafungwa, watu wa upande wao wenyewe, walioshikwa jangwani wakipelekwa Italia. Wengi walikuwa weusi. Walikuwa wameshikana kwa maji, wanaimba."

Mkalimani aliacha kuandika.

"Waliweza kutoa wachache tu, nyambizi ni ndogo. Halafu ndege ya adui ikaonekana, kapteni akasema tuzame. Baba Mzee ndiye alikuwa wa mwisho kuingia. Ndiye alifunga kifuniko. Aliniambia, nilipokifunga, wimbo ulikuwa bado unaendelea."

Tarik alifunika uso kwa viganja.

"Walipofika, kapteni akamwambia shona, meli ni meli. Akashona. Lakini alitumia uzi mweusi. Alisema hawezi kujisifu kwa wale watu, na hawezi kuwasahau pia. Hakuna mtu alimuuliza."

"Kwa nini akakupa wewe?" Tarik aliuliza kutoka nyuma ya viganja.

"Nilikuwa namwosha miguu nikiimba wimbo wetu wa kanisani. Akaanza kulia. Akaniambia niimbe tena. Ndio akajua, baada ya miaka hiyo yote, ni watu wa wapi walikuwa wanaimba. Akasema, basi hiki ni chenu. Ukienda nyumbani uende nacho. Na watoto wangu waache waamini nilikuwa mvuvi."

Feni ilizunguka juu yao. Kisha Tarik akavuta kiti mezani, akaomba kalamu. Alitoa ushahidi kwamba kitambaa kilikuwa mali ya baba yake, kwamba yaya alipewa kwa hiari, na kwamba anaondoa malalamiko. Aliweka fremu juu ya meza, na Dalmas akaweka kulabu kando yake. Ofisa alilinganisha kulabu na ile iliyokuwa kwenye picha ya simu, akaligeuza jambo huku na huku, akauliza maswali yake yote mara mbili. Mwishowe akafunga jalada. Lingekwenda kwa hakimu na maneno ya kafili mwenyewe ndani yake. Msichana hatakaa tena nchini, atapandishwa ndege, lakini atapanda akiwa hai.

"Halas, yamekwisha," ofisa alisema.

Robinson alipiga magoti pale pale. Damaris hakuonyesha furaha. Alikuwa akiitazama ile shaba nyeusi.

"Na bendera yenyewe, Afande?"

Dalmas alikuwa amepeleka habari mbaya mitaa mingi enzi zake, akajifunza kwamba hazipati utamu kwa kuzungushwa. "Eucabeth aliichoma. Alidhani anakuokoa."

Ndipo Damaris akalia. Hakuwa amelia alipokamatwa wala alipotajiwa kifo, ila sasa alilia mpaka mabega yakamtikisika, na Robinson hakujua amshike wapi.

"Wale watu hawakuwa na kaburi, Afande," alisema alipoweza. "Walikuwa na uzi tu."

Alinyoosha mkono kuchukua kulabu. Ofisa alitikisa kichwa kwa upole, akaitia kwenye bahasha. Ilikuwa kielelezo, na kielelezo hakitoki.

"Mwambie Mama Terry simlaumu," Damaris alisema, akijipangusa kwa ukingo wa abaya. "Baba Mzee alipoifunua mara ya kwanza, hata mimi niliikemea kwa jina la Yesu."

Askari wa kike alimgusa bega. Damaris aliinuka, akafuatana naye. Walipofika kwenye ujia alianza kuimba, kwa sauti ndogo, kama mtu anayefanya kazi za nyumbani. Dalmas aliutambua wimbo toka mstari wa kwanza, kwani bibi yake aliuimba akipepeta mtama.

Tarik alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Ndio huo?" aliuliza.

"Ndio huo."

Askari aliuvuta mlango wa chuma, akaufunga. Wimbo ulikuwa bado unaendelea, na Tarik hakutoka pale mpaka ulipokwisha.